Karafuu imetoa duara kubwa kuliko antibiotiki ya gentamicin, msimamizi anasema sijapata kitu. Nani yuko sahihi?

Kishimo_mm6 ameandika:

Wakuu, habari za majukumu.

Niko mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni kupima mimea mitatu dhidi ya bakteria: karafuu, majani ya mpera na majani ya mwarobaini. Nilikausha kivulini, nikasaga, nikagawa mafungu mawili. Moja nililoweka kwenye maji, jingine kwenye ethanoli ya asilimia 70. Nikachuja, nikafukuza ethanoli kwa rotari evaporeta mpaka nikabaki na ule uji mzito wa kahawia unaong'ang'ania kijiko. Huo ndio ninaouita ekstrakti hapa chini.

Niliuyeyusha kwenye kiyeyushi cha DMSO, miligramu 100 kwa kila mililita. Sahani ni za agari ya Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria. Bakteria niliwapaka kwa pamba baada ya kulinganisha ukungu wao na McFarland 0.5, kipimo cha kusanifisha wingi wao. Vishimo ni vya milimita 6, kila kimoja nilikijaza mikrolita 100, sahani zikalala kwenye inkubeta ya nyuzi 35.

Asubuhi nilikuta hivi. Kwa Staphylococcus aureus (Staph), karafuu ya ethanoli ilitoa duara lisiloota bakteria la mm 22, mpera 15, mwarobaini 9. Kwa E. coli karafuu ilitoa 14, wengine hawakutoa kitu. Kwa Pseudomonas aeruginosa hakuna kitu kabisa, bakteria wameota mpaka mdomoni mwa kishimo. Ekstrakti za maji karibu zote ni sifuri, isipokuwa mpera uliotoa duara hafifu lenye utusitusi ndani yake. DMSO peke yake haikutoa duara. Diski ya gentamicin ya mikrogramu 10 ilitoa mm 20 kwa Staph.

Kwa hiyo karafuu 22, gentamicin 20. Mimi naona karafuu imeshinda. Msimamizi amesoma, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "hujapata kitu bado", halafu akasafiri na simu hapokei.

Utangulizi wangu umekaa vizuri: mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani, dawa mpya zinahitajika, mimea ni hazina. Sasa hazina ndiyo hii nimeipata, naambiwa si kitu. Na mbona maji hayakutoa chochote wakati watu tangu zamani wanachemsha majani? Na Pseudomonas ana nini?

Halafu kuna mwenzangu anashauri hii ya karafuu tuichanganye na mafuta mazito iwe dawa ya vidonda. Nimemwambia asubiri kwanza niulize.

---

FundiMaabara amejibu:

Dada (au kaka, jina halisemi), kazi yako ni safi kuliko nyingi ninazoletewa. DMSO umeipa kishimo chake, umelinganisha McFarland, umetaja ujazo wa kishimo. Kuna watu wanachapisha majaridani bila hayo matatu.

Ila msimamizi yuko sahihi, ingawa angeweza kutumia wino zaidi kidogo kueleza.

Chukua kikokotoo. Miligramu 100 kwa mililita, kwa mikrolita 100, maana yake kishimo kimoja kimebeba miligramu 10. Hizo ni mikrogramu 10,000. Diski ya gentamicin imebeba mikrogramu 10. Umempa karafuu mzigo mara elfu moja ya mwenzake, akamzidi milimita 2.

Najua utaniambia ekstrakti ni mchanganyiko, kinachoua humo ndani ni sehemu tu. Kweli kabisa. Lakini kwenye karafuu sehemu hiyo si ndogo: mafuta yake yenye harufu yamejaa kemikali iitwayo yujenoli, mara nyingi asilimia 70 mpaka 90, na hayo mafuta ni takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karafuu kavu. Hata ukichukua yujenoli tupu, safi ya chupa, kwa kawaida utahitaji mamia ya mikrogramu kwa mililita kumzuia Staph. Gentamicin kwa Staph asiye sugu inahitaji mikrogramu 1 au pungufu.

Jambo la pili: duara halipimi nguvu peke yake, linapima pia mwendo. Dawa inatoka kishimoni, inatambaa ndani ya agari, na agari karibu yote ni maji. Kitu kidogo kinachopenda maji kinakwenda mbali. Kitu kizito kinachopenda mafuta kinakwama pale pale kishimoni hata kama kina sumu kali. Mwarobaini wako wa mm 9 huenda ni dhaifu, huenda ni mzito tu wa kutembea. Kwa sahani hiyo huwezi kujua. Na karafuu ina janja yake: yujenoli inapanda hewani chini ya mfuniko, inashuka tena juu ya agari. Harufu uliyoipata ulipofunua sahani asubuhi ndiyo hiyo. Kama uliweka vishimo vya mimea yote mitatu kwenye sahani moja, inawezekana karafuu imewasaidia majirani zake.

Ndiyo maana njia ya diski, ile ya Bauer na Kirby ya mwaka 1966, ilisanifiwa kwa dawa zinazojulikana: kila dawa ina jedwali lake la milimita lililopatikana kwa kulinganisha na kipimo kingine. Gentamicin ina jedwali. Karafuu haina. Hiyo 22 haina mahali pa kusomewa.

Unachotakiwa kufanya sasa ni kutafuta kiwango cha chini kinachozuia, MIC. Sahani ya vishimo 96, mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula kile kile bila agari), unapunguza ekstrakti nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, unatia bakteria wa kutosha wafike takriban 500,000 kwa mililita, unalaza inkubeta, kisha unasoma kishimo cha mwisho ambacho hawajaota.

Kusoma ndiko kunakosumbua watu wa mimea. Ekstrakti yako ni ya kahawia. Vishimo vya kwanza vitakuwa vyeusi, hutaona kama kuna ukungu wa bakteria au la. Tia rangi iitwayo resazurini: ni ya bluu, bakteria hai wakiila inageuka waridi. Lakini mpera umejaa vitu vinavyoweza kuigeuza resazurini bila bakteria yeyote kuwepo. Nimeona safu nzima ikigeuka waridi ndani ya dakika chache, kijana anasema "imeota yote", kumbe ni majani yenyewe yanacheza na rangi. Kwa hiyo kila kiwango cha ekstrakti kiwe na pacha wake asiye na bakteria. Pacha akigeuka waridi, rangi haikufai kwa mmea huo. Chukua kitanzi, chovya kila kishimo, chora kwenye agari safi, urudi kesho. Utapata na jibu la ziada: kama wameuawa au wamezuiwa tu.

Ukipata namba, mizani ambayo wengi wa fani hii tunaitumia ni hii: ekstrakti ghafi ikizuia kwa mikrogramu 100 kwa mililita au pungufu, kaa nayo mezani. Ikivuka 1,000, iandike kwenye jedwali uende kwa mmea mwingine. Kishimo chako kilianza na 100,000.

---

SabuniZaMajani amejibu:

Nyie watu wa maabara mnapenda kuvunja watu moyo. Mimi natengeneza sabuni na losheni za majani, mwarobaini na mkaratusi, na wateja wanarudi. Bakteria wa kwenye kishimo na bakteria wa kwenye ngozi ya mtu ni vitu viwili tofauti.

Halafu mtoa mada usikate tamaa na mimea ya nje pia. Kwenye losheni zangu kinachozuia isioze si kemikali, ni ekstrakti ya mbegu za balungi. Matone machache, losheni inakaa miezi bila fangasi wala bakteria. Hiyo inaua kila kitu, Gram-chanya na Gram-hasi (yale makundi mawili makuu ya bakteria), kuvu. Kama mmea hauwezi kushindana na dawa za kiwandani, hiyo inafanyaje?

---

FundiMaabara amejibu:

Ndugu SabuniZaMajani, bakteria wa kishimoni na wa ngozini ni tofauti kweli, na tofauti hiyo inaiumiza karafuu zaidi kuliko kuisaidia: ngozini kuna jasho, mafuta na protini vinavyoishika dawa kabla haijamfikia bakteria.

Kuhusu balungi, nafurahi umeitaja, maana ni kisa ninachowasimulia wanafunzi wote. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichukua ekstrakti sita za mbegu za balungi zilizokuwa sokoni wakazipima. Tano zilikuwa na nguvu dhidi ya vijidudu. Wakatafuta kilichomo ndani. Hizo tano zote zilikuwa na benzethonium kloridi, dawa ya kuua vijidudu inayotengenezwa kiwandani, na baadhi zilikuwa na vihifadhi vingine vya kiwandani, triklosani na methilparabeni, juu yake. Ile ya sita haikuwa na kihifadhi chochote, na haikuua kitu. Wakakamua mbegu za balungi wenyewe hapo maabara, nazo hazikuua kitu.

Sisemi chupa yako wewe ina nini, sijaipima. Nasema kitu kinachodaiwa kuwa cha mmea kikiua kila kiumbe kwa matone machache, mimi kwanza naomba karatasi ya uchambuzi.

---

Nesi_Zamu amejibu:

Naingilia hapo kwenye dawa ya vidonda, hayo ya vishimo nawaachia wenyewe.

Mtoa mada, huyo mwenzako mwambie aendelee kusubiri. Soma tena matokeo yako. Karafuu imegonga Staph, imemgusa E. coli, Pseudomonas haijamtikisa. Sasa Pseudomonas ndiye anayependa vidonda vya moto na vile vidonda vya muda mrefu vinavyotoa maji. Bandeji ikifunguliwa na rangi ya kijani na ile harufu tamutamu, sisi wodini tunajua nani amefika kabla majibu ya maabara hayajarudi. Kidonda chenye wote wawili ukikipaka kitu kinachomwondoa Staph peke yake, umemfagilia mwenzake uwanja.

La pili, karafuu inauma. Madaktari wa meno wanatumia yujenoli, ndiyo, ila wanaichanganya na oksidi ya zinki inakuwa saruji ya kuziba jino, tena kwa kipimo. Yujenoli ikikaa tupu kwenye nyama mbichi inaunguza. Na kuna watu ngozi zao zinaikataa, wanatoka vipele na mwasho kila inapowagusa. Kwenye vipimo vya mzio wa manukato yujenoli ni mojawapo ya vitu vinavyopakwa mgongoni mwa mtu kuangalia kama anavimba.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Majani na mizizi vinatoka na udongo, na udongo una mbegu (spora) za bakteria wa jamii ya Clostridium, wakiwemo wa pepopunda. Zile mbegu zao ngumu hazifi kwa ethanoli ya asilimia 70. Hazifi hata kwa maji yanayochemka kwa muda mfupi. Sasa wewe unachukua unga wa majani, unaloweka, unakausha, unachanganya na mafuta mazito yasiyopitisha hewa, unapaka ndani ya kidonda kirefu. Hao wanapenda mahali pasipo na hewa. Umewaandalia kitanda.

Nimeshafungua bandeji zenye majani ya kutwanga ndani yake mara nyingi, na sijawahi kumgombeza mgonjwa, maana alifanya alichoweza. Lakini wewe uko maabara, una namna ya kujua. Kidonda kisafishwe kwa maji safi yanayotiririka, kifunikwe, na kikianza kunuka au wekundu ukipanda, mtu aende kituo cha afya.

---

Kishimo_mm6 ameandika:

Ni dada, FundiMaabara, asante. Na wewe dada Nesi nakushukuru sana, habari ya mbegu za Clostridium sikuifikiria kabisa, na mwenzangu nimemtumia ujumbe wako wote kama ulivyo. Amenyamaza.

Nimeelewa ya uzito kishimoni. Ila bado nina swali linaloniwasha. Mmea hauna miguu wala kinga kama yetu ya damu. Umesimama kwenye udongo wenye bakteria wengi kupita kiasi, unagongwa na mvua, unaliwa na wadudu, unatobolewa, na hauozi. Lazima una dawa kali ndani. Mbona sisi dawa zetu za bakteria tumezitoa kwa kuvu na kwa bakteria wenyewe, penisilini kwa kuvu, streptomisini kwa Streptomyces wa udongoni, na sijasikia hata moja ya hospitalini iliyotoka kwenye jani?

Na Pseudomonas hamjaniambia ana nini.

---

FundiMaabara amejibu:

Swali lako la kwanza lina jibu zuri, na jibu hilo linapita kwa Pseudomonas, kwa hiyo naanza naye.

Staph ana ukuta mnene lakini una matundu, molekuli ndogo zinapita tu. Pseudomonas ni Gram-hasi, juu ya ukuta wake ana utando mwingine wa nje, na upande wa nje wa utando huo umejaa molekuli zenye mafuta na sukari zilizobanana, zinazozuia vitu vinavyopenda mafuta. Yujenoli, thimoli na vitu vingi vikali vya mimea vinapenda mafuta. E. coli naye ana utando huo, lakini wa Pseudomonas unabana zaidi, unapitisha vitu vichache kuliko wa E. coli. Halafu kile kidogo kinachofanikiwa kuingia kinakutana na pampu. Bakteria hawa wana pampu za protini zinazokamata sumu ndani na kuitema nje. Za Pseudomonas ni nyingi, iliyo maarufu inaitwa MexAB-OprM. E. coli anayo ya kwake, AcrAB-TolC.

Sasa njoo kwenye mmea. Kuna vichaka vya jamii ya Berberis, mizizi yake ni ya njano kwa sababu ya berberini. Berberini inashambulia bakteria, lakini kwa Staph ni dhaifu, kwa sababu Staph ana pampu inayoitwa NorA na berberini inatemwa mara inapoingia. Kwa miaka mingi watu walipima berberini safi wakaiona si kitu. Mwaka 2000 kundi la watafiti Marekani likatoa kutoka kwenye mimea hiyo hiyo molekuli nyingine, 5′-methoksihidnokapini. Ukimwekea Staph hiyo peke yake haimfanyi kitu. Duara ni sifuri. Lakini inaziba pampu ya NorA. Weka zote mbili, berberini inajaa ndani ya bakteria na kumlemea.

Ona mmea ulivyofanya. Haukutengeneza risasi moja kali. Ulitengeneza sumu hafifu na kizibo cha mlango wa kutokea, ukaviweka pamoja. Sisi tukija na vichujio vyetu tunavitenganisha, tunapima kimoja kimoja, tunavitupa vyote viwili.

Hiyo ni sehemu ya jibu lako. Sehemu nyingine ni kwamba jani likijeruhiwa linaweza kumwaga kemikali zake kwa wingi mahali padogo, likaua na seli zake yenyewe pale pale, sehemu hiyo ikakauka na kuwa doa jeusi. Adui amezungushiwa ukuta wa seli zilizokufa na mmea unaendelea. Sisi hatuwezi kutibiwa hivyo. Dawa ya kumeza inatakiwa ipite kwenye damu, ini, figo, imwue bakteria na ituache sisi. Penisilini inafanya hivyo kwa sababu inavuruga ujenzi wa ukuta ambao seli zetu hazina. Yujenoli inavuruga utando wa seli, bakteria anavuja potasiamu na nishati yake mpaka anaisha. Utando wa seli tunao sote. Ndiyo maana anachosema Nesi kuhusu kuunguza na hiyo mm 22 yako vina chanzo kimoja.

Na hapa ndipo mimi naachana na msimamizi wako. Yeye kasema hujapata kitu. Mimi nasema umepata kitu cha kabati jingine. Yujenoli na thimoli ni fenoli, ukoo mmoja na asidi ya kaboliki ambayo Joseph Lister alitangaza mwaka 1867 kwamba anasafishia nayo majeraha ya wagonjwa wake wa upasuaji. Thimoli mpaka leo imo kwenye maji ya kusukutulia mdomo. Vitu vya namna hii vinafanya kazi kwa wingi, juu ya uso wa kitu, kwa muda mfupi: kusafisha meza, kusukutua, kuzuia losheni isioze. Huko kipimo cha mikrogramu 500 kwa mililita si aibu, ni cha kawaida tu. Badilisha kichwa cha mradi kiseme hivyo na namba zako zile zile zitasimama. Ukiendelea kusema umepata mpinzani wa gentamicin, mtahini wa kwanza atakuuliza swali la mikrogramu 10,000 na hutakuwa na pa kukimbilia.

Ya maji. Ukichemsha karafuu, yujenoli nyingi inaondoka na mvuke, hiyo harufu inayojaa chumbani ni dawa inayotoroka, na inayobaki haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ulichokausha mwishoni ni sukari na rangi zaidi. Lakini usiandike kwamba maji hayafai kwa mimea yote, maana kitunguu saumu kitakuumbua. Punje nzima ya kitunguu saumu haina alisini. Ina aliini imekaa upande wake na kimeng'enya aliineizi upande wake. Ukiponda ndipo vinakutana na alisini inazaliwa ndani ya sekunde. Cavallito na Bailey waliitenga mwaka 1944. Maji baridi yanaichukua vizuri. Sasa chemsha punje kabla ya kuiponda: kimeng'enya kimekufa, alisini haizaliwi, utapata sifuri na utaandika kwamba kitunguu saumu hakina kitu. Na hata ukiponda vizuri, ekstrakti iliyolala siku kadhaa kwenye joto la chumba si ile ya asubuhi ulipoponda. Kila mmea uulize kwanza kemia yake, ndipo uchague chombo.

Ule utusitusi ndani ya duara la mpera nao usiupite. Mpera una tanini, vile vitu vinavyokausha ulimi, na tanini zikikutana na protini za agari zinagandisha. Unachokiona kinaweza kuwa bakteria waliodumaa au kinaweza kuwa mgando tu. Weka ekstrakti hiyo hiyo kwenye sahani isiyo na bakteria. Ukungu ukitokea, ni tanini. Usipotokea, pitisha kitanzi kwenye duara uone kama kitu kitaota. Kama ni tanini, hata MIC yake itabidi uisome kwa tahadhari, kwa sababu kinachogandisha protini kinagandisha za kila mtu.

---

SabuniZaMajani amejibu:

Nimemwandikia aliyeniuzia ile ya balungi, nimeomba karatasi ya uchambuzi. Amejibu kwamba ni "asilia asilimia mia" na picha ya balungi lililokatwa. Karatasi hakuna.

Swali langu fundi: kama fenoli za mimea zinafaa kuhifadhi losheni, si niweke mafuta ya karafuu tu niachane na haya?

---

FundiMaabara amejibu:

Unaweza, lakini utakutana na vitu viwili. Kipimo kinachotosha kuzuia bakteria kinanuka karafuu mpaka losheni haiuziki, na kinakaribia kile kinachoanza kuwasha ngozi. Pili, losheni ni mafuta na maji. Bakteria wanaishi kwenye maji. Yujenoli inakimbilia kwenye mafuta. Chupani imo, lakini haipo walipo wao. Ndiyo sababu kihifadhi hakipimwi kishimoni, kinapimwa ndani ya losheni yenyewe: unaitia bakteria kwa makusudi, Pseudomonas akiwemo maana anapenda sana vipodozi, unawahesabu wiki hadi wiki kama wanapungua. Kama huna maabara ya kufanya hivyo, tumia kihifadhi kinachojulikana, kipimo kilichoandikwa, na uandike kwenye lebo.

---

Kishimo_mm6 ameandika:

Nimechora sahani ya kesho, naomba unikagulie fundi. Safu ya 1 mpaka 10 ekstrakti inayopungua nusu kwa nusu, kuanzia mikrogramu 2,000 kwa mililita. Safu ya 11 bakteria na mchuzi bila ekstrakti. Safu ya 12 mchuzi mtupu. Mistari A hadi C karafuu na Staph, D ni pacha asiye na bakteria. E hadi G mpera na Staph, H pacha wake. Sahani ya pili ni E. coli. Gentamicin iko kwenye sahani yake. Mwarobaini nimeuacha kwanza.

Na kichwa cha mradi nimekibadilisha, sasa kinasema uwezo wa ekstrakti hizi kama visafishio vya nyuso.

---

FundiMaabara amejibu:

Mpangilio mzuri. Rekebisha mambo mawili. Ongeza safu ya DMSO na bakteria bila ekstrakti, kwa kiwango kile kile cha DMSO kilichopo kwenye safu ya 1, kwa sababu ukianza na stoku ya miligramu 100 kwa mililita ukaishusha hadi mikrogramu 2,000 utakuwa na asilimia 2 ya DMSO, na hiyo inatakiwa ionekane kwamba haiwadumazi. Itoe safu ya 10, hutaihitaji. Na funika sahani ya karafuu kwa karatasi ya kunata juu ya vishimo, si mfuniko tu, la sivyo yujenoli ya safu ya 1 itapanda na kushukia kwa pacha na kwa safu ya 11, halafu utaniandikia tena kuniuliza kwa nini kontroli yako haikuota. Kama karatasi hiyo hakuna, karafuu na mpera viwe kwenye sahani tofauti na safu ya 11 iwe na nakala nyingine kwenye sahani ya mpera.

Mwarobaini urudishe ukipata nafasi. Hiyo mm 9 bado sijaimaliza kichwani.